Uhalifu: Si njaa peke yake inayomfanya kijana ashike panga

JIONI ya Januari 2, 2015, wakazi wa maeneo kadhaa ya Jiji la Dar es Salaam walifunga maduka, wakatelekeza meza za biashara na kukimbilia majumbani baada ya kuenea kwa taarifa kwamba kundi la vijana lililojulikana kwa jina la Panya Road lilikuwa likipita mitaani na kupora watu kwa kutumia mapanga, visu na mawe. Kwa msaada wa simu za mkononi, taarifa hizo zilisafiri kwa kasi kuliko vijana wenyewe, kiasi kwamba hata mitaa ambayo haikuguswa ililala mapema usiku huo.

Jambo lililosahaulika haraka katika mjadala uliofuata ni chanzo cha vurugu hizo. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa wakati huo, vijana hao walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa kwa kipigo na wananchi waliomtuhumu kwa uhalifu. Kifo kilizaa maziko, maziko yakazaa uporaji, na uporaji ukazaa msako mkali wa polisi uliowatia mbaroni vijana wengi.

Je, katika mlolongo huo mhalifu ni nani? Mbele ya sheria jibu si gumu, kwani aliyeua, aliyepora na aliyejeruhi wote wametenda kosa la jinai. Lakini wataalamu wa elimu ya jamii, yaani sosholojia, hawaishii hapo. Wao huuliza ni kwa nini baadhi ya mitaa huzaa makundi ya namna hiyo na mingine haizai, ni nani mwenye uwezo wa kuamua kwamba kitendo fulani ni uhalifu, na ni kwa nini umati wa watu wasio na rekodi yoyote ya makosa unaweza kumchoma moto kijana aliyeiba simu na kesho yake ukaamkia kazini kama kawaida.

Maswali hayo yana historia ndefu. Mwaka 1876 daktari wa Kiitalia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kilichodai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na anaweza kutambuliwa kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Sayansi imekwisha kuitupa nadharia hiyo, ingawa mitaani bado ingalipo. Mara ngapi mtu husikika akisema kwamba fulani "ana sura ya kijambazi"?

Aliyeligeuza swali hilo juu chini ni Mfaransa Emile Durkheim. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa sosholojia, alieleza kwamba uhalifu si ugonjwa uliovamia jamii kutoka nje bali ni sehemu ya kawaida ya kila jamii, kwa sababu hakuna jamii ambayo watu wote wanafanana kwa kila kitu. Alitoa mfano wa jamii ya watawa watupu. Hata huko, alisema, makosa yangekuwepo, isipokuwa yale ambayo kwetu ni madogo yangeonekana ya kutisha mno.

Durkheim aliongeza jambo jingine ambalo lina uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki. Alisema adhabu haimlengi mkosaji peke yake, kwani kazi yake kubwa ni kuwaunganisha wale wasiokosa na kuwakumbusha kwamba wao ni kitu kimoja. Yeyote aliyewahi kushuhudia kelele za "Mwizi! Mwizi!" zikipigwa kando ya kituo cha daladala anaelewa maana ya maneno hayo. Watu wasiofahamiana, wengine wakiwa hawajui hata kilichoibwa ni nini, hugeuka ndugu kwa dakika kumi. Vyombo vya habari huwaita "wananchi wenye hasira kali", jina ambalo kwa namna fulani huwaondolea hatia hata kabla ya polisi kufika. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja mamia ya watu wanaouawa kwa namna hiyo nchini Tanzania.

Aidha, kile kinachoitwa uhalifu hubadilika. Watanzania wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mfanyabiashara aliyekutwa na shehena ya sabuni, nguo au sukari aliyoificha stoo aliweza kutiwa kizuizini chini ya sheria maalumu iliyopitishwa mwaka huo, na wapo walioamua kutupa bidhaa zao baharini au porini usiku kuliko kukutwa nazo. Mwaka uliofuata, bajeti ya 1984/85 ilifungua milango kwa watu binafsi kuingiza bidhaa kwa fedha zao. Bidhaa ni zilezile na pengine wafanyabiashara ni walewale, lakini aliyekuwa mhujumu akawa mwekezaji. Mabasi madogo ya watu binafsi yalipitia njia hiyohiyo. Kabla ya kuruhusiwa mwaka 1983, yalibeba abiria kwa kujificha, huku abiria wakifundishwa kusema kwamba dereva ni ndugu yao.

Mwaka huohuo wa 1983 ilipitishwa pia sheria ya nguvukazi, ambayo chini yake mtu asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa mjini na kurudishwa kijijini. Kukaa kijiweni tu bila kumgusa mtu kulitosha kumfanya kijana kuwa mkosaji. Ni vigumu kusema kwamba fikra hiyo imekwisha kabisa.

Pamoja na hayo, kubadilika kwa sheria hakuelezi kwa nini kijana wa miaka 16 hushika panga na kumvamia mama anayerudi sokoni. Wizi wa mabavu haujawahi kuwa halali katika zama zozote.

Maelezo yanayotajwa mara nyingi zaidi ni yale ya Mmarekani Robert Merton, yaliyochapishwa mwaka 1938, wakati nchi yake ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi. Merton alisema kila jamii huwawekea watu wake malengo na wakati huohuo huwaonyesha njia halali za kuyafikia. Tatizo huanza pale lengo linapohubiriwa kwa wote huku njia zikiwa za wachache. Hapo watu hugawanyika. Wengi huendelea na njia halali hivyohivyo. Wengine hushika taratibu kwa utii ingawa wamekwisha kukata tamaa ya kufika popote, kama karani anayegonga mihuri akisubiri kustaafu. Wapo wanaojitenga na lengo na njia kwa pamoja, na humo Merton aliwaweka walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Wapo pia wanaotaka kuipindua kabisa jamii yenyewe. Kundi la mwisho ni la wale wanaobaki na lengo lakini wanabuni njia yao wenyewe, na ndimo alimo mwizi.

Kwa Dar es Salaam maelezo hayo hayahitaji kutafutiwa mifano mbali. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa huo. Ya mwaka 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya mwaka 2022 ikafika 5,383,728. Sehemu kubwa ya wakazi hao ni vijana wanaoishi katika makazi yasiyopimwa, pembeni ya maghorofa, magari na mabango yanayowaambia kila siku kwamba mtu wa maana ni yule mwenye simu ya aina fulani na viatu vya aina fulani. Inafaa kukumbuka kwamba mara nyingi kinachoporwa si unga wala maharage. Ni simu, cheni, runinga na fedha taslimu, yaani vile vitu ambavyo humfanya kijana aonekane amefika.

Hata hivyo, nadharia ya Merton ina kasoro moja kubwa. Kama umaskini na tamaa vingetosha, basi Manzese, Kibera au Kisenyi isingekuwa na mtu asiye mwizi. Ukweli ni kwamba walio wengi katika mitaa hiyo huamka alfajiri kuuza maandazi, kubeba zege, kusuka nywele na kuendesha bodaboda. Isitoshe, wao ndio huibiwa zaidi, kwa kuwa milango yao ni dhaifu na njia zao hazina taa.

Kasoro hiyo ilikwisha kuwashughulisha watafiti wa jiji la Chicago nchini Marekani. Clifford Shaw na Henry McKay walichukua kumbukumbu za mahakama ya watoto ya jiji hilo kwa vipindi tofauti tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuzichora kwenye ramani, kila mtoto mahali alipoishi. Matokeo yao, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1942, yaliwashangaza wengi. Mitaa iliyozunguka katikati ya jiji na maeneo ya viwanda iliendelea kuwa na watoto wengi wakosaji mwaka hadi mwaka, ingawa wakazi wake walibadilika kabisa. Waliondoka wahamiaji wa taifa moja, wakaja wa taifa jingine, na hesabu ikabaki juu. Waliohama kwenda mitaa bora waliacha uhalifu nyuma yao. Shaw na McKay walihitimisha kwamba kasoro haikuwa ya kabila wala taifa la mtu bali ya mtaa ambao watu wake huja na kuondoka, hawafahamiani, na hawana chombo cha pamoja cha kuwaangalia watoto.

Fikra hiyo ilipimwa pia Afrika Mashariki. Marshall Clinard na Daniel Abbott walifanya utafiti mjini Kampala, na katika kitabu chao cha mwaka 1973 kuhusu uhalifu katika nchi zinazoendelea walilinganisha vitongoji viwili vya jiji hilo ambavyo vyote vilikuwa maskini, lakini kimoja kikiwa na wizi mwingi na kingine wizi mdogo. Tofauti haikuwa kipato. Katika kitongoji chenye wizi mdogo, watu walitembeleana zaidi, walihama mara chache zaidi na familia zilikuwa imara zaidi. Kwa lugha ya uswahilini, mtoto wa fulani akionekana mahali asipostahili kuwa, habari hufika nyumbani kabla yake.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja maisha ya wapangaji wa miji ya leo. Familia inayoishi chumba kimoja na kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huhama mara kwa mara kufuata bei. Balozi wa nyumba kumi hawafahamu wapangaji wapya, wala wapangaji hawajui balozi ni nani.

Lakini hata mtaa uliovunjika haumfundishi mtu kuiba kama hakuna mwalimu. Edwin Sutherland, Mmarekani mwingine, alishikilia kwamba uhalifu hujifunzwa kama ufundi wowote ule, kwa kukaa karibu na wanaoujua. Mwanafunzi hujifunza mbinu, na muhimu zaidi hujifunza sababu za kujihalalisha. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza walizichambua sababu hizo. Kijana husema hakukusudia, au hakuna aliyeumia, au aliyeibiwa alistahili, au polisi wenyewe ni wezi, au alifanya kwa ajili ya wenzake. Ni maneno yanayosikika vijiweni kila siku, na yanayosikika pia maofisini kwa Kiswahili cha adabu zaidi.

Hapo ndipo Sutherland alipowaudhi wakubwa. Mwaka 1939, akihutubia akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, alisema wenzake wamekosea kwa kuchunguza wezi maskini peke yao na kuwaacha wenye suti. Miaka 10 baadaye alitoa kitabu kuhusu kampuni 70 kubwa za nchi hiyo na makosa yaliyothibitishwa dhidi yake. Mchapishaji alihofia kushitakiwa, na majina ya kampuni yakaondolewa. Toleo lenye majina lilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baada ya mwandishi kufariki dunia.

Tanzania ina mfano wake. Ukaguzi wa Akaunti ya Madeni ya Nje, maarufu kama EPA, ulibaini kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya Sh bilioni 133 zililipwa isivyo halali na Benki Kuu kwa kampuni 22, na Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa gavana wa benki hiyo. Waliotajwa walipewa muda wa kurejesha fedha. Hakuna mwizi wa kuku aliyewahi kupewa muda wa kurejesha kuku.

Tofauti hiyo ya mapokezi ndiyo msingi wa kundi jingine la wanazuoni, wanaoangalia zaidi macho ya watazamaji kuliko mikono ya mtenda kosa. Howard Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza kwamba mkosaji ni yule ambaye jamii imefanikiwa kumbandika jina hilo. Wengi hutenda makosa, wachache hukamatwa, na aliyekamatwa huanza kuishi kama jina lake linavyomtaka. Kijana aliyetoka mahabusu hurudi mtaani akiwa "yule wa jela". Kazi hapewi, na kila kinapopotea kitu huulizwa yeye kwanza. Wanaoendelea kumkaribisha bila masharti ni wale aliolala nao sakafuni rumande.

Kwa watoto hatari hiyo ni kubwa zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto aliyekinzana na sheria atenganishwe na watu wazima, lakini shule ya maadilisho inayotegemewa kwa nchi nzima ni ile ya Irambo, mkoani Mbeya. Kwa mtoto wa Mtwara au Kagera huko ni mbali sana na mtu yeyote anayeweza kumtembelea.

Stanley Cohen, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliongeza jina la vyombo vya habari katika orodha ya wanaobandika. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alieleza jinsi vurugu ndogo za vijana katika mji wa pwani wa Clacton, wakati wa Pasaka ya mwaka 1964, zilivyokuzwa na magazeti hadi taifa likaamini limevamiwa. Polisi waliongezwa, mahakimu wakawa wakali, na vijana ambao hawakuwa na kundi wakaanza kujipanga katika makundi ambayo magazeti yalikwisha kuwapa. Anayesoma maelezo hayo baada ya kuikumbuka ile jioni ya Januari 2015 hawezi kukosa kuona mfanano. Jina la Panya Road lilikuwa la kundi la vijana wachache, na baadaye likawa la kila kijana aliyetembea na wenzake watano baada ya magharibi.

Haimaanishi kwamba hofu ilikuwa ya bure. Septemba 2022 jina hilo lilirudi kwa uvamizi wa nyumba usiku, ambamo watu walikatwa mapanga na maisha yalipotea, na baadhi ya watuhumiwa wakauawa na polisi katika operesheni iliyofuata. Nadharia ya kubandika majina haina la kumwambia aliyekatwa panga, na hilo ndilo pengo lake.

Travis Hirschi alilikabili suala hilo kwa kugeuza swali. Baada ya kuwahoji maelfu ya wanafunzi wa eneo la Richmond, California, aliandika mwaka 1969 kwamba kinachohitaji maelezo ni kwa nini watu wengi hawaibi ingawa wangeweza kunufaika. Jibu lake lilikuwa kamba zinazomfunga mtu: upendo wa wazazi na walimu anaoogopa kuwaaibisha, mali au masomo anayoogopa kuyapoteza, shughuli zinazomaliza muda wake, na imani kwamba sheria ni ya haki. Kijana aliyemaliza darasa la saba, asiye na mtaji wa hata beseni la karanga, na aliyewahi kulipa hongo ili atoke kituoni, kamba zake tatu kati ya nne zimekwisha kukatika.

Imani hiyo katika haki ya sheria ndiyo inayorejesha mjadala kwa ule umati uliomuua kijana aliyezikwa Januari 2015. Donald Black, katika makala yake ya mwaka 1983, alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa uhalifu ni watu kujichukulia haki pale ambapo dola haipo au haiaminiki. Umati unaoua humwona mwizi kuwa mkosaji, nao hujiona mahakama. Vijana wanaolipiza kisasi kwa ajili ya marehemu wao hujiona hivyohivyo. Pande zote mbili zinaamini zinaadhibu.

Tanzania imewahi kujaribu kuiweka hasira hiyo katika utaratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, wakiwa wamechoshwa na wizi wa ng'ombe pamoja na mahakama zilizowaachia watuhumiwa, waliunda sungusungu. Walitumia pinde, firimbi na faini, na silaha yao kali zaidi ilikuwa kumtenga mkosaji asisalimiwe wala asisaidiwe na mtu yeyote kijijini. Wizi wa mifugo ulipungua, Serikali ikawasifu, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Lakini tangu mwanzo walilaumiwa pia kwa kupiga watuhumiwa hadi kuwaumiza, na kwa kuwaandama akina mama wazee waliodaiwa kuwa wachawi.

Mfumo huo ulipohamia mijini kwa sura ya ulinzi shirikishi, ulikutana na mitaa ambayo watu wake hawafahamiani. Kumtenga mtu asisalimiwe hakuna uzito mahali ambapo hakuwa akisalimiwa tangu awali. Kinachobaki ni mchango wa kila kaya kwa mwezi, rungu na tochi, na mara nyingi wanaoshika rungu hilo usiku ni vijana walewale wa kijiweni.